Mzima wa Nyumba

Kikohozi kilisikika nyuma ya pazia, kikavu, kisha kikakatika ghafla. Mwanakheri akajiinua kitandani kwa hasira.

"Shebe! Wewe ndiye mzima wetu, unakohoa nini?"

"Vumbi tu, dada."

"Vumbi la wapi? Usinifanye mtoto!"

Sheria ilimpa mgonjwa dawa mradi tu awe na ndugu mzima wa kulinganishwa naye, huyo alale chumba kimoja naye na kula chungu kimoja, ili damu zao zitofautiane kwa ugonjwa tu. Mzima akiugua, dawa husimama.

Shebe akatoka, shuka mdomoni. Dada yake alimkagua kama nyama buchani.

"Leo wanakuja kutupima. Ole wako damu yako ifanane na yangu!"

"Nitakuwa mzima, dada. Naapa, nitakuwa mzima."