Mhandisi Anahama

Sheria haikuwa na mzaha: mhandisi aliyesanifu jengo alilazimika kuishi humo na familia yake. Wapangaji wa ghorofa lile la Mbeya walipomwona mhandisi wao, Ambakisye, akianika nguo za mtoto, mioyo yao ilitulia.

Alasiri moja, upepo ukivuma, mkewe Tusekile, naye mhandisi, alikuwa akiupitia mchoro wa jengo kwenye kompyuta.

"Baba Lusajo, mbona kuta umezipa ugumu ule ule juu na ubavuni?"

"Programu ilikubali."

"Programu hukubali inachoambiwa. Kuta hizi zimemwagwa tabaka juu ya tabaka. Mzigo wa juu zinabeba, lakini zikisukumwa ubavuni ni biskuti!"

Ambakisye alirekebisha tarakimu, akaendesha hesabu upya. Kwenye skrini kuta zote za upande wa upepo zikawa nyekundu: zimezidiwa. Papo hapo ukuta wa sebule yao ukatoa mlio wa kupasuka.

Tusekile alimfunga mtoto mgongoni, wakatoka mbio. Kwenye ngazi walikutana na Mama Gwamaka, jirani yao. Ambakisye alimwashiria ashuke. Mama yule alimtazama, akamtazama mtoto, akapiga yowe:

"Tokeni! Mhandisi anahama!"

Milango ikafunguka kila ghorofa. Ngazi zikafurika watu, wakisukumana, wakizisukuma kuta ubavuni kwa mabega yao.