Tarehe 31 Juni

Enyi walimwengu, tegeni sikio: mwezi Juni una siku thelathini, wala hauongezi hata kwa kuombwa. Nimelithibitisha kwa ngumi yangu mwenyewe, ya kushoto.

Asubuhi ya kipupwe, Mwanakheri alikaa kizingitini na kanga mpya, barua mapajani, akihesabu miezi kwenye vifundo vya ngumi. Juni iliangukia bondeni tena, kati ya vifundo, penye miezi isiyofika thelathini na moja.

"Ingia ndani, shoga," jirani yake alimsihi. "Leo ni mosi Julai."

"Mchumba wangu kaandika atakuja thelathini na moja Juni. Miaka mitatu kimya, leo aandike uongo? Labda ngumi yangu ndiyo mbovu. Nipe yako."

Jirani akakunja ngumi, akampa.

Barua ile niliiandika mimi, kwa jina la mchumba wake, nikidhani atahesabu, atacheka. Ngumi yangu iko mfukoni, sithubutu kuitoa.