Benchi Nyuma ya Tangi

Mzee Kihiyo, dereva mstaafu wa treni, alibana kijitaa cha ishara kwa kibano cha nyusi, akakichomeka kando ya reli ndogo ya mfano iliyozunguka juu ya meza yao ya chakula. Kikaanguka kwa mara ya nne.

Mkewe, Mama Shani, akaweka kibenchi cha mbao kwenye kistesheni kilichoiga stesheni ya kwao, nyuma ya tangi la maji.

"Hapo hapakuwa na benchi. Stesheni hii nimeipita miaka thelathini!"

"Ulikuwa unaangalia taa. Mimi nilikaa hapo kila ulipochelewa. Nikishakuona umepita, nakimbilia nyumbani kukupashia chakula."

Mzee Kihiyo akakiacha kijitaa kilivyolala. Akachagua kisanamu cha mwanamke, akafungua rangi.

"Ulikuwa unavaa kanga gani?"