Mgeni Mwenye Adabu

Zamani wanyama walipokuwa wakiishi kwenye nyumba za milango, Kanga alikuwa akiatamia mayai tisa, na kila kishindo kilimtetemesha. Vijana watatu wa Kindi walikuwa na mchezo wa kugonga milango ya watu kwa fujo, kisha kutimua mbio huku wakicheka.

Majirani wakakutana. Nungunungu akaamua, "Anayegonga na kukimbia asifunguliwe. Anayebisha hodi akatoa na salamu, huyo ni mtu mwema."

Maneno hayo yakamfikia Kicheche, mla mayai.

Siku ya tatu, mchana, sauti laini ikaita mlangoni kwa Kanga. "Hodi, mama. Habari za tangu jana? Na mayai, hayajambo?"

Kanga akashusha pumzi, akaenda kushika komeo. Papo hapo mlango wa nyuma ukagongwa kwa nguvu.

"Hawa watoto wataniua," Kanga akanung'unika. Lakini hakusikia kicheko. Alipochungulia nyuma aliwaona Kindi wakikimbia, mikia imewasimama kwa hofu, na bado wanagonga kila nyumba waliyoipita.

Akarudi mbele.

"Mama, mbona hunifungulii? Nimekosa adabu?"

"Hujakosa, baba," Kanga alijibu, akisukuma kinu nyuma ya mlango. "Ila wasio na adabu wanakukimbia, na leo nawaamini wao."

Kucha zikaanza kukwaruza mbao, zikakwaruza hadi jua likazama, na kinu hakikusogea.