Mpira wa Rekodi

Mpira wa besiboli uliovunja rekodi, uliopigwa na mchezaji wa timu ngeni, uliangukia jukwaani kwa mashabiki, na mume wa Arlene akaudaka kwa mkono mmoja. Bango lake lenye mchoro wa sindano, la kumkejeli mpigaji huyo, likamponyoka na kuangukia miguuni.

Jukwaa zima likalipuka: "Rudisha! Hatutaki mpira wa sindano!"

Ndiyo desturi ya mashabiki wa hapo. Mpira wa mpigaji wa timu ngeni haukai nao, hutupwa uwanjani. Mwaka jana Arlene alidaka mmoja wa mchezaji huyuhuyu, wa kwanza maishani mwake. Mumewe alimng'ang'ania mpaka Arlene akautupa.

Sasa mume aliugeuza mpira polepole. Ngozi yake nyeupe ilikuwa na alama moja tu ya gongo, pana kama kidole gumba.

"Huu ni wa historia, mke wangu," alinong'ona, akiupeleka mfukoni. "Halafu nani amethibitisha kwamba jamaa anajidunga dawa za kuongeza nguvu?"

"Bango umechora wewe."

"Aa, lile la utani tu!"

"Na ule wangu ulinilazimisha kuutupa kwa nini?"

Mume akaufumbata mpira mfukoni.

"Haya, yaishe," Arlene akasema, akikunjua kiganja. "Niushike kidogo tu."

Akampa. Arlene akasimama, akageukia uwanjani na kuuvuta mkono nyuma.