Mrehani wa Kijana wa Rishton

Ergash alikuwa amekwisha kung'oa mashina matatu ya mrehani, Risolat alipotoka mbio jikoni, mikono imejaa unga.

"We mtunza bustani! Nani kakutuma?"

"Hakuna, bibi. Agosti inakwisha, nataka kupanda spinachi hapa."

"Spinachi!" Alilitema neno hilo kama kokwa. "Mrehani umetoa maua juzi tu, wewe unaniletea habari za spinachi?"

"Maua hayaliwi. Ikishuka baridi ya kwanza, mrehani wako utakuwa mweusi asubuhi moja tu. Spinachi inalala chini ya theluji mpaka Machi, na ikiamka unapata majani ya sambusa wakati kwa majirani hakuna hata jani la kitunguu."

"Yeye hapendi spinachi," akasema Risolat, na mashavu yakamwiva kama ya msichana. "Anapenda mrehani. Na leo Ijumaa anakuja."

Yeye! Ergash akaukaza mkono kwenye mpini wa jembe. Jina halikuwahi kutajwa, kwa maana mwanamke wa Kokand aliyelelewa vizuri hamtaji kwa jina mwanamume anayengoja amuoe. Alikuwa "yeye", au, siku za furaha, "yule kijana wa Rishton". Nyusi zake zimekutana, eti. Hupiga mluzi kabla ya kubisha hodi, eti. Ergash alikuwa amesimuliwa mpaka akachoka.

Kila Ijumaa alasiri Risolat alisuka nywele, akachuma shada la mrehani, akaketi langoni kumngoja huyo kijana ili amchomekee nyuma ya sikio. Kila Ijumaa kijana hakutokea, na shada likanyauka. Naye Ergash, aliyechota maji ya mfereji kuumwagilia mrehani huo tangu Aprili, hakupewa hata jani. Shada moja kwa mkono wa Risolat, nyuma ya sikio lake yeye Ergash: hakutaka kingine duniani. Alimchukia kijana wa Rishton kwa kutengewa kitu hicho bila kutoa jasho.

Adhuhuri Risolat alimwekea bakuli la supu pembeni mwa ua, mahali pa vibarua, akarudi ndani. Jirani yao Tojihon akaingia na kapu la mikate ya tanuri.

"Kaka Ergash, kelele zenu nimezisikia mpaka kwangu. Tangu lini wewe ukala spinachi?"

"Sili. Nataka tu mrehani utoke."

Tojihon alicheka mpaka akaweka kapu chini. "Huoni haya? Unamwonea wivu mtoto wa miaka ishirini na miwili!"

"Namwonea."

"Mwenzako ana meno yote."

"Namwonea na hayo meno."

"Wivu ni kidonda, kaka, ukiushiriki utakonda. Na wewe huna tena pa kukonda."

Kicheko kile kilimchoma. Tojihon alipoondoka, Ergash akarudi tutani na kuung'oa mrehani mstari kwa mstari, harufu ikimjaa puani, mpaka likabaki shina moja la kona ambalo mgongo ulimkatalia kulifikia. Akasawazisha udongo, akafukia mbegu za spinachi. Roho yake ilitulia kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Kisha Risolat akatoka, nywele zimesukwa, amevaa gauni lake la hariri. Akalitazama tuta. Safari hii hakupiga kelele. Alikwenda kwenye lile shina la kona, akavunja shada, akaketi langoni na kulia kimyakimya.

"Ataona uani hakuna mrehani," alisema, wala hakuwa akimwambia Ergash. "Atadhani nimemkataa. Atageuza njia."

Ergash alitamani ardhi immeze. Wivu ulikuwa palepale, haujapungua hata punje, lakini machozi yale yalimshinda kuyatazama. Akaingia ndani. Alijua ilipo kofia ya kijana wa Rishton, nyeusi yenye tarizi nyeupe: ndani ya sanduku lililo chini ya magodoro. Alinawa udongo, akaivaa. Ilimkaa sawasawa. Akatokea mlango wa zizi la kondoo, akazunguka kwa uchochoro, akasimama nje ya lango na jua mgongoni. Akapiga mluzi. Ulitoka na upepo mwingi, lakini ulitoka.

Lango likafunguka.

"Umechelewa," akasema Risolat, uso umemchanua ilhali mashavu bado yana machozi. "Usikasirike, mrehani umebaki huu tu. Mtunza bustani kaung'oa wote."

"Kwa nini?"

"Ana wivu, mzee wa watu. Kutwa kucha ananitazama. Siku ukinioa, umfukuze kwanza."

"Nitamfukuza," akasema Ergash, akamwinamia mkewe amchomekee mrehani nyuma ya sikio, kama alivyomwinamia kwenye lango hilohilo miaka hamsini na mmoja iliyopita, alipofika kutoka Rishton akiwa na meno yake yote.