Kifaa Kisichofifia

Bi Mwanaidi, mkunga, aliweka mezani kwa Fundi Shomvi kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni. "Kirudishe kilivyokuwa."

Shomvi alikifungua polepole. Alikuwa amekiwekea saketi aliyoihangaikia miezi minne: betri ikiwa mpya saketi inapunguza umeme, ikichoka inauongeza, ili sauti isififie. Akatia betri mpya, akapima. Volti tano. Akatia iliyochoka. Tano vilevile.

"Mbona kizima, Bi Mwanaidi?"

"Nani kasema kibovu? Asubuhi nilikuwa na mama kitandani, tunausikia moyo wa mwanawe, safi kabisa. Mara, kimya! Tazama aliponishika." Kucha zilikuwa zimeacha alama nne mkononi.

"Na mtoto?"

"Mzima. Nilimsikia kwa pembe yangu ya mbao. Lakini kabla sijaifikia ile pembe, Shomvi..." Akazisugua zile alama. "Zamani betri ikikaribia kuisha, sauti ilififia kwanza, nikajua ni betri, si mtoto."

Shomvi aliitazama saketi yake. Kule kufifia ndiko alikokuwa akikuita ugonjwa. Akashika mkasi, akauelekeza kwenye waya mwekundu wa ile saketi, kisha akauweka chini. Hakujua tena alikuwa ametengeneza nini.

Akakiwasha kifaa na kukiweka kifuani mwake. Moyo wake ukasikika, mkubwa, wa haraka. Bi Mwanaidi akasogea. Wakasimama wote wawili, wakisikiliza, macho yao kwenye ile betri iliyochoka.